Masika ya Seng'enge

Jumatatu, 3 Machi 2025

Zahanati imetupa wahudumu wa afya madaftari mapya, na hili la zamani limebaki na kurasa nyingi tupu. Sitalirudisha. Wakiniuliza nitasema limeliwa na mchwa. Nataka mahali pa kusema mambo ambayo nikiyatoa mdomoni yatafika nyumba ya pili kabla sijafunga kinywa.

Nyumba ya pili haiko hata hatua ishirini kutoka mlangoni pangu. Humo anakaa Kabibi, mke mdogo wa mume wangu Mramba, pamoja na binti yake Hope wa miaka mitatu. Huu ni mwaka wake wa nne katika boma hili. Leo sina la kusema juu yake.

Jua kali. Kisima cha shule kimebaki tope.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji ameombea mvua. Tulipotoka kanisani kila mmoja akashika mtungi wake akaenda ziwani. Ndivyo tulivyo: mbingu zikinyima, tunainamia chini. Mama mkwe wangu, mzee Kahonzi, asema ameona njaa saba na hata moja haikulikausha Ziwa la Mitsangani. Mto Sabaki ukifurika hulijaza. Mto ukinywea, ziwa hubaki na chake. Viboko wana upande wao wa matete. Mamba wana kina. Sisi tuna Kivukoni, penye mchanga na maji ya magotini, ambapo wanawake wa tangu zamani walipigilia miti majini ikawa ua. Ndani ya ua huo unateka, unafua, unamwogesha mtoto, na mamba anakutazama kutoka nje kama mgeni asiyekaribishwa.

Kabibi leo amefua nguo za Mramba akiimba. Sauti anayo. Ningependa asiwe nayo.

Jumamosi, 15 Machi

Ngala amekuja. Ni mtoto wa marehemu dada yake Mramba, amesoma uhandisi, anakaa Mombasa. Amepata ardhi yote ya ukingoni kutoka kwa wenyewe, mmoja mmoja, na sasa anataka kulima matikiti. Amemletea mjomba wake karatasi ya Kiingereza, kwa kuwa Mramba ndiye mwenyekiti wa kamati ya ziwa.

Baada ya chakula cha mchana Mramba aliingia jikoni kwangu nayo. Yeye aliachia shule darasa la tatu. Mimi niliishia kidato cha pili, na Kiingereza changu kimechakaa lakini hakijatoboka.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea polepole, kila sentensi na maana yake. Kwamba ukingo wote utazungushiwa seng'enge, Kivukoni ikiwemo. Kwamba kamati imekubali kwa niaba ya wakazi. Kwamba wakazi watateka maji "mahali pengine panapofaa."

"Wapi hapo?"

"Haisemi."

Akakaa akijichokoa meno. Kisha akasema Ngala ameahidi kutupitishia mpira wa maji kutoka kwenye pampu yake hadi shamba la mchicha.

"Shamba langu au la Kabibi?"

"Lako."

Nikaikunja ile karatasi nikamrudishia. Sikusema neno jingine, wala yeye hakuniuliza. Naandika hapa kwa kuwa sitaandika kwingine: kati ya yote niliyoyasoma na kuyasikia leo, neno lililoniingia ni moja. Lako.

Jumamosi, 22 Machi

Lori limeleta nguzo. Wanawake wamemwuliza Mramba ni za nini. Amewaambia ni za kuzuia viboko wasiingie mashambani. Wakashangilia.

Ijumaa, 28 Machi

Kivukoni imefungwa. Nyuzi tano za seng'enge, na mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Jirani yangu Pola alifika na mitungi yake miwili akasimama mbele ya ule waya kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli geni. Mzee wa mtaa, Lewa, alikuwapo tayari. Alikuwa amepangwa awepo.

"Tutateka wapi, mzee?" Pola akamwuliza.

"Upande wa Mikindani. Ziwa si ni lile lile moja?"

"Mikindani ni kina, mzee. Hata ng'ombe hawashuki pale."

"Basi msiwe ng'ombe. Shukeni kwa akili."

Wanaume wakacheka. Mramba alicheka pia, ila kwa kuchelewa kidogo.

Jumatano, 2 Aprili

Mpira umefika. Mchicha umeanza kusimama.

Jumanne, 8 Aprili

Bado hakuna mvua. Wanawake wamejaribu kupigilia miti kule Mikindani wapate ua kama wa Kivukoni. Tope limeimeza miti yote, mpaka ya mita tatu. Wameamua watu waende kwa kundi, asubuhi tu, mmoja achote wengine wapige makelele na kutupa mawe. Katika boma letu tumegawana zamu, siku moja Kabibi, siku moja mimi.

Jioni Kabibi amekuja kizingitini pangu. Haingii bila kuambiwa karibu, na mimi huwa sisemi upesi.

"Mama Garama, shikamoo."

"Marahaba."

"Ule mpira wa shambani, hauwezi kutupa maji ya kunywa?"

"Yametiwa mbolea," nikamwambia. "Yatamwua mtoto."

Akashukuru akaenda zake. Sijui kama yametiwa mbolea. Sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba pampu ikiwashwa alasiri mimi hujaza mtungi mmoja shambani, nikaufunika kwa majani ya mgomba, nikauleta nyumbani, nikanywa, na hadi leo sijafa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mawingu yamekuja na yamepita. Zamu yangu imekuja na imepita pia. Nimesema mgongo.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mwanangu Garama hakuja kutoka Mombasa. Ametuma salamu. Kabibi ameniletea sahani ya wali wa nazi na kambare wa kukaanga, imefunikwa kwa kitambaa safi. Nilitaka niwape kuku. Nimekula mpaka nikalamba sahani, na utamu wake ndio ulioniudhi.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika ya juzi. Jana sikuwa nyumbani.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu. Kabibi alikuja jua likichomoza, Hope akimshika leso. Akasema wenzetu wameshatangulia, na kama mgongo umepata nafuu tufuatane, mimi nitupe mawe yeye achote. Alisema hivyo, yeye achote. Kazi ya hatari alijipa mwenyewe.

Nikamwambia mgongo umenikamata tangu jana.

"Pole," akasema. "Basi nipe mtungi wako, nitakuletea."

Nyuma ya mlango wangu palikuwa na mtungi uliojaa hadi shingoni. Nikasimama mbele yake ili asiuone, nikanyoosha mkono, nikampa mtupu. Akaniachia Hope. Mtoto akakaa chini akaanza kuchora mchanga kwa kijiti.

Sikuhesabu muda. Nilisikia ukelele, kisha ukelele mwingi, na makelele ya kumfukuza mamba kwa mawe hayako hivyo. Nikambeba Hope nikampa mzee Kahonzi, nikakimbia. Mgongo wangu ulikimbia vizuri sana.

Nilipofika Mikindani Pola alikuwa majini hadi kifuani, amemkumbatia Kabibi kiunoni, na wanawake wawili wamemshika Pola, na mmoja anapiga maji kwa gongo huku akilia jina la Yesu. Mamba alikuwa ameshaachia. Hakuachia bure. Mkono wa kulia wa Kabibi ulikuwa umebaki kuning'inia kwa ngozi, na maji yale ya kijani yalikuwa yamekuwa mengine.

Hapo nilifanya nilichofundishwa. Nilivua leso yangu, nikaifunga juu ya kiwiko, nikatia kijiti nikakisokota hadi damu ikapungua. Nikawapigia kelele walete bodaboda. Tulimkalisha kati ya dereva na mimi, nikamshikilia mpaka Marafa, na kutoka pale gari la wagonjwa likatupeleka Malindi. Njia nzima alisema jambo moja tu.

"Mitungi imebaki."

Usiku ule daktari alimkata juu ya kiwiko. Akaniambia bila ile leso angefia njiani. Nesi akanishika bega. Leo nimerudi kijijini na watu wamenipokea njiani. Pola amenikumbatia, amesema, "Umemwokoa mwenzako, Kadii. Wake wenza wangapi wangefanya hivyo?"

Nilisimama nikakumbatiwa.

Jumatano, 30 Aprili

Askari wa wanyamapori wamempiga risasi mamba mmoja. Hakuna anayejua kama ndiye. Watoto wamekwenda kumpima kwa hatua zao.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda Malindi. Mramba amekwenda mara moja tu, akakaa mlangoni mwa wodi, akasema harufu ya dawa inamzidi.

Kabibi amekonda. Nesi alinipa bakuli la uji, nikakaa kando ya kitanda nikamlisha kwa kijiko. Bakuli likafika nusu. Kisha nikasema, kwa kuwa ningekaa tena bila kusema nisingesema kamwe.

"Siku ile mgongo haukuwa unaniuma."

Alimeza. Akafuta mdomo kwa mkono uliobaki.

"Najua."

"Unajua?"

"Nyayo zako za alasiri. Zinakwenda shambani nyepesi, zinarudi zimezama. Nami ndiye ninayefagia uwanja."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Kwa mumeo?"

Hakusema mume wetu. Nikaanza kulia, na kilio changu kikamkera, niliona. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani anayedeka.

"Usimwage uji," akasema. "Bado nina njaa."

Jumapili, 11 Mei

Mvua imekuja. Imepiga tangu alfajiri, kubwa, ya kutoboa makuti. Ingekuja wiki tatu mapema matangi yangejaa, visima vingejaa, na Kabibi angekuwa na mikono miwili. Mchungaji ameshukuru kwa rehema. Sikuitikia amina.

Jumatatu, 19 Mei

Kabibi ametoka hospitali. Mramba hakumwacha hata atue mzigo. Aliniita kando.

"Nafikiri arudi kwao Rabai kwanza, apumzike. Hapa kazi ni nyingi. Atalimaje?"

"Atarudi lini?"

Akatazama mvua.

Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita. Nimemdhania mkali, nimemdhania mkaidi. Kumbe ni mtu mdogo tu. Na ni kwa ajili ya huyu nilikuwa nikimwonea Kabibi wivu.

Mzee Kahonzi alisikia. Alitoka nyumbani kwake akijikongoja kwenye tope, akamshika Kabibi mkono wa kushoto, akasema, "Mjukuu wangu hatoki hapa, na mama yake hatoki. Watalala kwangu." Hope alishangilia, kwa kuwa kwa hawe, bibi yake, huwa kuna miwa.

Jumanne, 27 Mei

Baraza lilifanyika katika darasa la nane kwa sababu ya mvua. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Chifu alikuwapo, afisa wa wanyamapori, Ngala na viatu vyake vya mpira, Lewa, Mramba, na wanawake wamejaa mpaka barazani. Kabibi alikaa mstari wa mbele na mzee Kahonzi, mkono mtupu wa gauni umefungwa fundo.

Afisa aliuliza kwa nini watu wanateka Mikindani ilhali panajulikana kuwa pa hatari.

Lewa akadakia. "Wanawake wetu ni wabishi, bwana afisa. Tuliwaambia washuke kwa akili."

Wanawake wakaguna. Pola akasimama, akasema walifukuzwa Kivukoni kwa waya. Ngala akatoa karatasi yake, imetiwa plastiki. Akaongea kwa upole, mwanaume aliyesoma huongea hivyo akiwa na karatasi. Akasema amehuzunika sana, lakini kijiji kilikubali, na hii hapa alama ya kidole gumba cha mwenyekiti.

Chifu akamgeukia Mramba. Mramba akasimama ameshika kofia.

"Mimi, chifu, sikusoma. Huyu ni mtoto wa dada yangu. Aliniambia tia kidole, nikatia. Sikujua kilichoandikwa. Ningejua, Mungu ni shahidi, ningeuza ziwa la mama zetu?"

Nilisikia darasa zima likilegea. Walimwonea huruma. Mama mmoja akasema maskini, wasiosoma huonewa. Mramba akaketi akajifuta macho, na naapa yalikuwa na machozi ya kweli, maana alikuwa ameshaanza kuuamini uongo wake.

Nikaona Kabibi amegeuza shingo ananitazama. Hakunikonyeza, hakunitikisia kichwa. Alinitazama tu aone nitafanya nini.

Nikasimama. Goti lilikwama chini ya dawati nikalivuta.

"Alijua," nikasema. "Nilimsomea mimi. Ilikuwa mchana, jikoni kwangu, sentensi moja moja na maana yake. Alijua Kivukoni itafungwa. Na mimi nilijua. Niliahidiwa mpira wa maji nikanyamaza. Na siku aliyoumia Kabibi ilikuwa zamu yangu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na maji yangu ya mpira ndani."

Mvua ilipiga mabati. Nilidhani, na hapa ndipo ujinga wangu ulipo, nilidhani nikishasema watamgeukia Mramba, kisha Ngala. Walinigeukia mimi.

"Kadii," Pola akasema. Hakupaza sauti. "Binti yangu alikuwa anateka pale kila Jumamosi. Ulikuwa unatuona tukipita kwako na mitungi?"

"Nilikuwa nawaona."

"Na nilikukumbatia."

"Ndiyo."

Alitema mate sakafuni, kwenye darasa la watoto, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitupa hata ganda la chungwa njiani.

Baada ya hapo Ngala alisema neno moja na mjomba wake, wakapeana mikono. Lewa alisema mzee Mramba alizidiwa na udugu, na damu ni nzito. Chifu alisema amesikia. Mwanamume akiuza, amekosea hesabu. Mwanamke akinyamaza, ameua. Silalamiki. Nilinyamaza. Nataka tu iandikwe mahali kwamba tulikuwa wawili jikoni mle.

Jumanne, 3 Juni

Hakuna anayenisalimu. Nimekwenda kupima watoto uzito, milango minne imefungwa. Mramba anakula shambani kwa Ngala. Nimeukata mpira kwa panga.

Jumatatu, 9 Juni

Chifu ametoa uamuzi. Seng'enge inabaki. Ila patakuwa na lango Kivukoni, litafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, na kila anayeingia ataandikwa jina, la mwenye boma lake, na mitungi aliyochota.

Alasiri Ngala mwenyewe amekuja kwangu. Sikumkaribisha kiti, akasimama.

"Mama, nahitaji mtu wa langoni. Wewe unajua kuandika."

"Watafute wengine. Watu hawanitaki."

"Ndiyo maana," akasema, na nadhani hakukusudia ubaya wowote. "Hawakupendi, kwa hiyo hutawapendelea."

Nikamwuliza nisipokubali atamweka nani. Akasema mpwa wa mzee Lewa. Namjua kijana huyo. Atafungua saa moja na kufunga saa moja na nusu, na wasichana watalipa njia kwa namna anazozijua yeye.

Nimekubali. Ningependa kusema ni kwa ajili yao tu.

Jumatatu, 16 Juni

Wiki ya kwanza. Wanapita wakitaja majina yao hewani, kama wanaliambia lango. Saa mbili ikifika na bado kuna mtungi haujajaa, mimi huinama nikafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Nao wanaona.

Jumatatu, 30 Juni

Mvua zimekwisha. Ziwa limejaa hadi kwenye matete ya nje, linang'aa, lina ndege yangeyange wengi kuliko miaka yote. Mtu mgeni akipita atasema hapa ni peponi.

Leo Kabibi amekuja kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mtungi mdogo wa lita tano na kata ya nguo kichwani. Pola na wenzake walikuwa nyuma yake. Nikaandika kabla hajafika, maana jina lake nalijua.

"Umeandika nini?" akauliza. Yeye hajui kusoma.

"Kabibi, mke wa Mramba."

"Futa."

"Ngala anataka jina la mwenye boma."

"Futa. Andika Kabibi wa Mwamuye, wa Rabai. Huyo ndiye baba yangu. Na penye boma, andika la mzee Kahonzi."

Nikafuta, nikaandika. Aliinama juu ya daftari akatazama zile herufi asizozijua mpaka akaridhika, akapita.

Alijaza mtungi kwa mkono wa kushoto. Kuujaza si kazi, kazi ni kuupandisha kichwani. Aliuinua hadi gotini, ukamponyoka. Akauinua tena hadi tumboni, akaubana kwa kile kipande cha mkono, maji yakamlowesha gauni. Wanawake walisimama na mitungi yao wakimtazama, na kila mmoja alijua kwamba hatakiwi kusaidia. Mara ya tatu ulimponyoka ukamwaga nusu.

Niliinuka kwenye kiti.

"Kaa," Kabibi akasema bila kugeuka. "Kazi yako ni kuandika."

Nikakaa. Akachota upya, akapiga goti moja mchangani, akauegemeza mtungi begani, na kutoka hapo akauviringisha kidogo kidogo mpaka ukakaa kwenye kata. Kisha akasimama wima, akapita mbele yangu na maji yakimtiririka shingoni. Hakunitazama.

Nikaandika: mtungi mmoja, mdogo. Amejitwika mwenyewe.